Msimbo Hausemi Kila Kitu

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi 2013, kwa muda wa saa zipatazo sita, mtandao wa Bitcoin ulikuwa na daftari mbili. Mchimbaji aliyekuwa akitumia toleo jipya la programu, 0.8, alitoa bloku ya 225,430 iliyobeba viingizo vya miamala vingi kuliko bloku za kabla yake. Nodi (kompyuta zinazoendesha programu hiyo na kukagua kila bloku) za toleo hilo ziliipokea, na nodi nyingi za matoleo ya zamani zikaikataa. Kila upande uliendelea kuongeza bloku juu ya mnyororo wake, ukiamini kwa haki kabisa kwamba upande wa pili ndio uliopotoka. Hapakuwa na mwizi wala mvamizi. Chanzo kilikuwa hifadhidata. Matoleo ya zamani yalitumia Berkeley DB, ambayo ilikuwa imewekewa kikomo cha idadi ya kufuli inazoweza kushika kwa wakati mmoja; toleo la 0.8 lilikuwa limehamia LevelDB, isiyo na kikomo hicho. Bloku kubwa ilipofika, nodi za zamani ziliishiwa kufuli na kuitangaza bloku kuwa batili. Vikundi vikubwa vya wachimbaji vilikubali kurudi kwenye toleo la zamani ili wote wawe mnyororo mmoja, bloku zisizopungua 24 zikatupwa, na katika vurugu hiyo mtu mmoja alifaulu kulipa mara mbili kwa fedha zilezile, thamani yake dola 10,000 hivi.

Kuna waraka unaoeleza tukio hilo, BIP 50, ulioandikwa na Gavin Andresen. Ndani yake mna ungamo ambalo kila mwenye nia ya kuchangia nyaraka za blokcheni angepaswa kulisoma kabla ya jambo jingine lolote: kwamba kikomo kile cha kufuli kilikuwa kimegeuka kimyakimya kuwa kanuni ya mtandao ya kuamua bloku ipi ni halali, tena kanuni isiyo thabiti, kwa kuwa nodi moja ingeweza kuishiwa kufuli na jirani yake asiishiwe. Kanuni hiyo haikuwamo katika waraka wa kurasa tisa ambao mwanzilishi wa Bitcoin, Satoshi Nakamoto, aliutoa tarehe 31 Oktoba 2008. Hakuna aliyeitunga, hakuna aliyeipigia kura, na walioipitia programu ya 0.8 kabla haijatolewa Februari 2013 hawakujua kwamba wanaivunja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, tena lenye nakala maelfu duniani. Kilichokosekana ni maandishi ya jinsi ya kulijaza.

Katika miradi mingi ya programu huria, nyaraka huchukuliwa kuwa kazi ya pembeni, ya kufanywa msimbo ukishakamilika, na mara nyingi ya kupewa mgeni ili ajizoeze. Ninachodai katika sura hii ni kwamba kwenye blokcheni mpangilio huo umegeuzwa juu chini. Nyaraka ndimo makubaliano yanamokaa, na msimbo ni jaribio moja kati ya mengi ya kuyatekeleza. Anayechangia nyaraka basi anagusa sehemu ya mfumo ambayo ikikosewa fedha za watu hupotea, na kazi yake yafaa ihakikiwe, iheshimiwe na ilipwe kwa kipimo hicho. Dai hili lina wapinzani, na baadhi yao wana hoja nzito kuliko watetezi wengi wa nyaraka wanavyopenda kukiri.

Tuanze na hali ilivyo. Mwaka 2017 GitHub iliwahoji watu wapatao 5,500 waliochaguliwa kutoka kwenye miradi ya programu huria. Asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Wakati huohuo asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra kwao, au hawajawahi kabisa, kuchangia nyaraka. Pengo hilo halishangazi. Anayeandika kipengele kipya huonekana. Anayeandika aya inayozuia watu elfu wasikosee hawezi hata kuthibitisha kwamba amewazuia. Katika programu ya kawaida gharama ya pengo hilo huwa muda: mtu anahangaika jioni nzima kusakinisha kitu, anakasirika, anahamia kwenye programu nyingine. Kampuni yenye seva zake ikigundua kwamba maelezo na mashine havipatani, inarekebisha kimoja usiku, na wateja wanaamka wasijue lililotokea.

Blokcheni haina seva ya kurekebisha usiku. Ina nodi zinazoendeshwa na watu wasiojuana, walio chini ya sheria za nchi mbalimbali, na wengine hawana haja ya kujibu barua ya mtu. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja, akipewa bloku ileile, atafikia hukumu ileile, bila tofauti hata ya biti moja. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mitaani kwetu vinalielewa jambo hili kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta: sanduku lina kufuli na watunza funguo, ila mwanachama akidai kaonewa, kinachofunguliwa kwanza ni katiba ya kikundi. Mazoea ya mweka hazina, hata yakiwa ya miaka, hayahesabiwi kuwa kanuni mpaka yaandikwe na wote wayasikie. Mwaka 2013 Bitcoin iligundua kwamba mweka hazina wake alikuwa na zoea ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, linasema hivi: msimbo ndio ukweli, kwa sababu mashine hutekeleza msimbo na haitekelezi aya. Nyaraka zikisema hivi na msimbo ukasema vile, kitakachotokea ni kile kilichomo katika msimbo. Kwa hiyo anayetaka kujua Bitcoin ni nini asome msimbo wa Bitcoin. Kuna chembe ya kweli hapa ambayo siwezi kuikana: kitakachotokea kesho asubuhi kwenye nodi yako huamuliwa na msimbo. Swali la blokcheni, hata hivyo, linavuka kile kitakachotokea na kuuliza kipi kilipaswa kutokea, na kwenye swali hilo historia inawapinga wanaoshikilia msimbo peke yake, tena kwa mfano ulioandikwa na mmoja wa watengenezaji wa Bitcoin wenyewe.

Kila mtu anajua kwamba bitcoin hazitazidi milioni 21. Idadi hiyo haimo katika waraka wa 2008. Ilitajwa katika tangazo la Januari 2009 lililoandamana na toleo la kwanza la programu, pamoja na maelezo kwamba zawadi ya wachimbaji itapunguzwa kwa nusu kila miaka minne. Msimbo ulitekeleza upunguzaji huo kwa kuzisogeza biti za zawadi ya bitcoin 50 kuelekea kulia, mara moja kwa kila bloku 210,000. Lakini lugha ya C++ haielezi kitakachotokea ukisogeza namba ya biti 64 mara 64. Kwenye vichakataji vya kawaida, kuisogeza mara 64 ni sawa na kutoisogeza kabisa. Maana yake ni kwamba baada ya miaka 250 na kidogo zawadi ingerudi bitcoin 50 na uchapishaji ungeanza upya, mzunguko baada ya mzunguko, bila mwisho. Pieter Wuille alilieleza hilo katika BIP 42, waraka wa tarehe 1 Aprili 2014, kwa mzaha uliostahili siku hiyo, ila marekebisho yenyewe yalikuwa ya kweli na yakaingizwa. Angalia kilichotokea hapa. Msimbo ulisema sarafu hazina kikomo. Sentensi moja katika tangazo ilisema zina kikomo. Hakuna aliyesimama kudai kwamba msimbo ndio ukweli na kikomo cha milioni 21 ni kosa la uandishi. Wote walijua ni kipi kinachomsahihisha mwenzake.

Ethereum, blokcheni nyingine, ililipitia swali hilohilo kwa uchungu zaidi. The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa na mikataba erevu, yaani programu zinazojitekeleza kwenye mnyororo, ulikusanya ether, sarafu ya Ethereum, zenye thamani ya dola milioni 150 hivi mwezi Mei 2016. Masharti yake yalitamka wazi kwamba msimbo ndio mkataba, na kwamba maelezo mengine yoyote ni ya kufafanua tu na hayawezi kuubadili. Tarehe 17 Juni mtu alitumia udhaifu katika msimbo huo na kuchota ether milioni 3.6. Kwa masharti yale hakuwa mwizi. Alikuwa mwanachama aliyesoma mkataba vizuri kuliko wenzake. Hata hivyo tarehe 20 Julai wengi wa watumiaji wa Ethereum walikubali kubadili mtandao ili fedha zirudishwe. Sitaki kulifanya tukio hili jepesi, kwa kuwa wapo waliokataa, na mnyororo wao, Ethereum Classic, ungali hai. Lakini hata hao wanaoshikilia kwamba msimbo ndio sheria walipojitenga walitoa tamko la maandishi la kujitegemea. Msimbo wao ulikuwa uleule wa siku zote. Kilichohitaji kuelezwa ni kwa nini hawatauacha.

Pale ambapo programu za kuendeshea nodi ziko zaidi ya moja, pingamizi hili hupoteza hata maana yake, maana ukisema msimbo ndio ukweli utaulizwa: msimbo upi? Ethereum ilijengwa hivyo tangu mwanzo. Gavin Wood aliandika maelezo yake ya kihisabati Aprili 2014, yanayojulikana kama Waraka wa Njano, na timu mbalimbali zikayatekeleza kwa lugha za Go, C++ na Python kabla mtandao haujazinduliwa tarehe 30 Julai 2015. Tarehe 24 Novemba 2016, siku mbili baada ya mabadiliko yaliyolenga kufuta akaunti tupu zilizorundikana, programu mbili za nodi, Geth na Parity, zilitofautiana kwenye bloku ya 2,686,351. Ufutaji wa akaunti tupu unapotokea ndani ya muamala ambao baadaye umeishiwa gesi, yaani kiasi cha kazi kilicholipiwa, je, ufutaji huo nao unatenguliwa pamoja na mengine? Programu moja ilijibu ndiyo, nyingine ikajibu siyo, na mtandao ukagawanyika. Msimbo wa Geth ulirekebishwa upesi. Jambo ambalo watu wachache hulitaja ni kwamba waraka nao ulirekebishwa: pendekezo lililoleta mabadiliko hayo, EIP-161, leo lina nyongeza inayoeleza kwamba kulitokea hitilafu ya maafikiano siku ile, na kwamba maelezo yameongezewa ufafanuzi kuwa ufutaji hutenguliwa hali inapotenguliwa. Ni sentensi fupi. Atakayeandika programu mpya ya nodi miaka kumi ijayo, bila kuwahi kusikia habari za Novemba 2016, ataokolewa na sentensi hiyo.

Tukishakubali hili, kazi ya mchangiaji inabadilika sura. Wengi hudhani kuchangia nyaraka ni kurembesha lugha. Sehemu ndogo ya kazi ni hiyo. Sehemu kubwa ni kutafuta mahali ambapo maandishi yamenyamaza na msimbo unaamua peke yake, kisha kuwauliza wanaohusika kama uamuzi huo ulikusudiwa. Utaratibu wenyewe si mgumu. Nyaraka nyingi ni faili za maandishi ya kawaida zinazokaa katika hifadhi moja na msimbo. Mchangiaji hunakili hifadhi, hubadili faili, hutuma ombi la kuunganisha, na kusubiri wahakiki. Kwenye Bitcoin Core wahakiki hujibu kwa ACK au NACK, na anayekubali hutaja alama ya toleo hasa alilolisoma, ili mtu asiibadili kazi baada ya kukubaliwa. Kwenye Ethereum, pendekezo hupita hatua ya rasimu, uhakiki, na wito wa mwisho ambao kwa kawaida huchukua siku 14. Likiachwa bila kuguswa kwa miezi sita huhesabiwa limedumaa. Wahariri wa mapendekezo hawaamui kama wazo ni zuri. Wanaangalia kama limeelezwa kiasi cha watu wengine kuweza kuamua.

Kati ya sehemu ambazo pendekezo la Ethereum linatakiwa kuwa nazo, mbili zinastahili jicho la mchangiaji kuliko nyingine. Moja ni masuala ya usalama. Pendekezo lisilo na sehemu hiyo hukataliwa, na haliwezi kufika mwisho kabla wahakiki hawajaridhika nayo. Ya pili ni sababu za uamuzi: kwa nini njia hii imechukuliwa na ile ikaachwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote na ndiyo inayoandikwa kwa uvivu kuliko zote. Msimbo waweza kukuonyesha kilichochaguliwa. Hauwezi kukuonyesha vilivyokataliwa, na mradi usioandika vilivyokataliwa utavijadili upya kila baada ya miaka miwili wageni wanapoingia. Daniele Procida, anayejulikana kwa mgawanyo wake wa nyaraka katika masomo ya kuanzia, miongozo ya kazi, marejeo na maelezo, anatusaidia kuona kosa la miradi mingi ya blokcheni: masomo ya kuanzia yamejaa tele, kila mtu anakufundisha kuunda tokeni yako kwa dakika kumi, ilhali maelezo ya kwa nini ni ya kutafuta kwa tochi.

Madhara ya uzembe katika marejeo yanaonekana kwenye tokeni zenyewe. Kiwango cha ERC-20 kilipendekezwa na Fabian Vogelsteller na Vitalik Buterin Novemba 2015, lakini kilikaa kama mjadala uliokuwa ukibadilikabadilika mpaka Septemba 2017 kilipoingizwa rasmi. Katika kipindi hicho hasa, tokeni zilikuwa zikimiminika. Kiwango kinasema kitendo cha kuhamisha tokeni kirudishe jibu la ndiyo au siyo. Tokeni kadhaa kubwa, USDT kwenye Ethereum ikiwa mojawapo, hazirudishi jibu lolote. Mikataba haibadiliki ikishawekwa kwenye mnyororo, kwa hiyo kosa limekuwa la kudumu, na maktaba ya OpenZeppelin ililazimika kuandika msimbo maalumu wa kuzungumza salama na tokeni za aina hiyo. Mtu anayeuliza waraka ulioeleweka ungeokoa nini, jibu lake liko ndani ya kila programu inayoagiza maktaba hiyo.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa kazi, na nalichukulia kwa uzito: nyaraka huchakaa. Msimbo hubadilika kila siku, aya hubaki, na aya ya uongo ni mbaya kuliko ukimya, kwa sababu aliyekuta ukimya atasoma msimbo, bali aliyekuta aya ataiamini. Ni kweli. Ila dawa ya ugonjwa huu inajulikana, nayo ni kuacha kuzitenga nyaraka na majaribio. Mradi wa Solidity, lugha inayotumika zaidi kuandikia mikataba erevu ya Ethereum, huipitisha mifano ya msimbo iliyomo ndani ya nyaraka zake kwenye kompaila kama sehemu ya majaribio yake. Mfano usiopita kwenye kompaila huonekana kabla ya kumfikia msomaji. Vivyo hivyo mahali ambapo kanuni imeandikwa pamoja na data za majaribio za kuithibitisha, programu yoyote mpya inaweza kujipima yenyewe dhidi ya waraka. Zipo nyaraka ambazo haziwezi kujaribiwa na mashine, na hizo zitachakaa; sababu za uamuzi wa 2016, hata hivyo, hazichakai, kwa kuwa zinaeleza jambo lililokwisha kutokea.

Pingamizi la tatu haliandikwi kwa adabu sana, ila limo vichwani mwa wasimamizi wa miradi: wachangiaji wa nyaraka ni wasumbufu. Hawakuzua tu. Oktoba 2020 shindano la Hacktoberfest, lililoahidi fulana kwa washiriki wa mwanzo waliotuma maombi manne, lilifurika maombi ya kuongeza maneno matupu kwenye kurasa za utangulizi za miradi ya watu, hata waandaaji, DigitalOcean, wakalazimika kubadili masharti mwezi ukiwa umeanza tu. Kwenye blokcheni zawadi ni kubwa kuliko fulana. Februari 2024 mtandao wa Starknet uligawa tokeni zake, na miongoni mwa waliopewa walikuwamo watu waliowahi kuchangia miradi ya programu huria kwenye GitHub. Tangu hapo mtu anayesahihisha herufi moja katika miradi kumi anaweza kuwa anapanda mbegu za mgawo ujao, na miradi kadhaa ya blokcheni sasa imeandika katika masharti yake kwamba marekebisho madogo ya tahajia yatafungwa bila mjadala. Wanayo haki. Kila ombi hula muda wa mhakiki, na muda huo ndio kitu adimu kuliko vyote katika programu huria. Lakini jawabu haliwezi kuwa kuzidharau nyaraka zote. Mtu akituma msimbo wa hovyo, hakuna anayehitimisha kwamba msimbo hauna maana. Ombi hufungwa na kazi inaendelea. Mradi unaotaka wachangiaji wazuri wa nyaraka uandike ni kurasa zipi zina mapengo, uzihakiki kwa ukali uleule wa msimbo, na ulipe kazi ndefu kama Google ilivyokuwa ikifanya kupitia Season of Docs iliyoanza 2019.

Kuna faili moja ambayo ingetosha kumaliza ubishi kuhusu uzito wa maandishi. BIP 39, ya mwaka 2013, ndiyo iliyoleta maneno 12 au 24 ambayo pochi nyingi humpa mmiliki ayaandike na kuyatunza. Maneno hayo huchukuliwa kutoka orodha ya maneno 2,048 iliyokaa kando ya waraka kama faili ya kawaida, na funguo zote za pochi hutokana na herufi za maneno hayo zilivyo. Mchangiaji mwenye nia njema akiona neno limekosewa tahajia katika orodha kama hiyo na kulisahihisha, pochi zitakazofuata orodha mpya zitamkataa mtu mwenye karatasi ya zamani. Hapo nyaraka na itifaki ni kitu kimoja, herufi kwa herufi.

Faili hiyo inatufikisha kwenye Kiswahili. Orodha zilizokubaliwa za BIP 39 ni za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Ya Kiswahili haimo, na kwa maoni yangu isiongezwe. Pochi nyingi zinaelewa orodha ya Kiingereza peke yake, na waraka wenyewe unashauri itumike hiyo. Mtu wa Mbeya aliyeweka akiba kwa maneno ya Kiswahili huenda siku moja akaishika simu mpya na asipate pochi itakayoyapokea. Kinachohitajika kwa Kiswahili ni maelezo yanayoyazunguka maneno hayo: kwamba mpangilio wake ni sehemu ya ufunguo, kwamba hakuna mhudumu wa kweli atakayewahi kuyaomba, kwamba yakipotea hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Makosa ya watumiaji hutokea hapo, na mtu asomaye onyo kwa lugha anayoijua nusunusu huliruka. Katika utafiti uleule wa GitHub, karibu robo ya watu wa programu huria walisema hawasomi wala kuandika Kiingereza vizuri sana. Hao ni watengenezaji. Kwa watumiaji wa kawaida wa pochi ya simu, Goma au Mombasa, hakuna sababu ya kutegemea hali bora zaidi.

Kazi imeanza. Mpango wa tafsiri wa ethereum.org, ulioanza 2019, unategemea wachangiaji wa kujitolea na una kurasa za Kiswahili. Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini alianzisha Exonumia, mradi wa kutafsiri maandiko ya Bitcoin kwa lugha za Kiafrika. Mfasiri naye ni mhakiki, pengine mkali kuliko wote, kwa sababu hawezi kuivuka sentensi asiyoielewa; msomaji wa kawaida anaweza. Anapokwama kwa kuwa waraka wa asili hausemi ni nani anayekataa muamala, nodi au pochi, amegundua pengo lilelile ambalo mwandishi wa programu mpya angeliangukia. Akilijaza kimoyomoyo kwa kubahatisha, ameharibu nyaraka mbili. Akirudi kwenye mradi na kuuliza, amechangia Kiingereza na Kiswahili kwa mkupuo mmoja.

Limebaki pingamizi la siku hizi, kwamba akili mnemba itasoma msimbo na kuandika nyaraka zote. Sehemu ya marejeo huenda ikaandikwa hivyo, na sioni ubaya, ilimradi mtu mwenye jina aihakiki. Lakini ipe mashine msimbo wa Bitcoin wa kabla ya Aprili 2014 peke yake, na maelezo sahihi ya msimbo huo yatakuwa kwamba zawadi hurudi bitcoin 50 baada ya karne mbili na nusu. Ipe msimbo wa 0.7, nayo itakueleza kikomo cha kufuli bila kujua kwamba hakuna aliyekikusudia. Kusudi huwa kwa watu, na watu huondoka: Satoshi Nakamoto aliacha kuandika hadharani Desemba 2010, na maswali ambayo hakujibu mpaka siku hiyo yamebaki kubishaniwa.

Kwa hiyo msomaji anayetaka kuanza asianze na tahajia. Achague mradi mmoja anaoutumia kweli, afuate mwongozo wake wa usakinishaji kwenye kompyuta safi bila kuruka hatua, na aandike kila mahali alipolazimika kubahatisha. Asome sehemu ya masuala ya usalama na kuilinganisha na msimbo. Palipo na tofauti, aulize kwa maandishi, mahali ambapo wengine wataliona jibu, kisha jibu hilo aligeuze kuwa aya na kulituma likahakikiwe. Anayejua Kiswahili na Kiingereza aanze na kurasa zinazoeleza namna ya kutunza maneno ya siri, na asitafsiri sentensi hata moja asiyoweza kuieleza kwa mdomo kwa mtu asiyewahi kuisikia blokcheni. Wahakiki wa Kiswahili bado ni wachache, hivyo asishangae akiona kazi yake ya kwanza inasubiri. Na wakati inasubiri, ahakiki ya mwenzake.